“Nimeshalirekebisha, limepona” na imani nyingine zinazoua faili la Access

“Fundi, faili liligoma tena, ila usihangaike, nimebonyeza Compact and Repair, sasa liko poa.” Simu za namna hii hunijia kutoka maduka ya dawa, SACCOS na ofisi za shule wanaotunza kumbukumbu zao kwenye Microsoft Access, programu ya hifadhidata, na anayepiga huwa anataka nimpongeze.

Dhana: likisharekebishwa, limepona

Kitufe kile cha Compact and Repair, yaani cha kubana na kurekebisha faili, hakijui faili limeharibikaje, wala hakiulizi. Kinatengeneza faili jipya, kinahamishia humo kila kinachosomeka, na kisichosomeka kinakiacha. Hicho kilichoachwa ni madeni ya watu na dawa zilizoingia stoo. Kuna na baya zaidi: kikikuta namba mbili zinazofanana kwenye ufunguo mkuu (safu inayompa kila mteja namba yake pekee), kinaweza kuuondoa ufunguo wenyewe, na kuanzia hapo jedwali linakubali wateja wawili wenye namba moja bila kulalamika. Taarifa huandikwa kwenye jedwali dogo ambalo jina lake huanza na MSysCompactError. Bado sijakutana na mteja aliyewahi kulifungua. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, nakili faili bovu pembeni, na ukimaliza linganisha idadi ya rekodi na bakapu ya jana. Ukiona mistari ya #Deleted au herufi zinazofanana na Kichina, fungua faili tupu uhamishie majedwali humo moja moja.

Sasa chanzo. Access haina seva. Ile kompyuta mnayoiita seva inahifadhi faili tu. Kila mashine ofisini inaingia yenyewe kupitia mtandao na kuandika ndani ya faili, kurasa za KB 4. Mashine ikikatika katikati ya kuandika, nusu ya badiliko imeingia na nusu haikuingia, na hakuna wa kuimalizia. Kesho mnarekebisha faili, mashine ileile inakatika tena. Mngerekebisha mashine!

Kuipata si uganga. Watu wakiwa ndani, kando ya faili hutokea faili dogo la .laccdb. Siku mambo yakiharibika wote hukimbilia kulifuta, na ushahidi unakwenda nalo. Linakili kwanza, kisha fungua nakala hiyo kwa Notepad: katikati ya alama za ajabu utasoma majina ya kompyuta. Aliyekwishatoka jina lake linaweza kubaki humo, kwa hiyo hao ni washukiwa tu. Anayejua VBA, lugha ya kuandikia programu ndani ya Access, aisome orodha ya watumiaji kupitia ADO, njia yake ya kuzungumza na hifadhidata. Safu ya SUSPECT_STATE ndiyo inayomtaja aliyetoka vibaya. Andika tarehe na majina kwenye daftari. Baada ya mara chache utaona jina moja halikosekani.

Ukiifuata mashine hiyo, mara nyingi ni laptopu ya Wi-Fi ambayo mwenyewe huifunga kifuniko akienda kula, fomu ikiwa wazi. Au kebo ya mtandao iliyovunjika kiulimi cha RJ45 (kichwa chake cha plastiki), inayolegea kila kiti kikisogea. Au kadi ya mtandao iliyoruhusiwa kulala ili kuokoa umeme. Na kuna hili linaloniudhi kuliko yote: seva ina UPS (betri ya akiba), laptopu zina betri, lakini swichi, kile kiboksi kinachounganisha kebo za mtandao, imechomekwa ukutani. Umeme ukicheza sekunde moja, kompyuta zote ziko hai na njia kati yao imekufa. Mteja anaapa kwamba umeme haukumgusa, maana hakuna kompyuta iliyozima. Chomeka swichi kwenye UPS. Haili umeme wa maana.

“Ni virusi.” Kwa tatizo linalojirudia namna hii, karibu kila mara siyo. Skani ukitaka, kisha rudi kwenye kebo.

“Tuliweke OneDrive, litakuwa salama.” Huduma hizo za kuhifadhi faili mtandaoni husawazisha nakala za faili zima. Wawili wakiandika kwa pamoja, mnapata mafaili mawili yanayobishana, au moja lililovurugika. Hapa sibembelezi mtu: liondoeni leo. Kuweka bakapu huko, faili likiwa limefungwa na wote wametoka, ni sawa.

“Microsoft wanaruhusu watu 255.” Huo ni ukomo wa programu, kwenye mtandao usiokatika. Wako unakatika.

“Limejaa.” Ukomo ni GB 2. Angalia ukubwa wake kabla ya kulisingizia.

“Ni sasisho la Windows.” Hii ndiyo pekee yenye mzizi. Mwaka 2018, baada ya Windows 10 toleo la 1803, mafaili yaliyoshirikishwa yalianza kudaiwa kuwa katika hali isiyo thabiti (“inconsistent state”). Microsoft wenyewe walitoa njia ya kukwepa: kuweka DisableLeasing kuwa 1 kwenye rejista (ghala la mipangilio ya Windows) ya kompyuta inayohifadhi faili. Kama ujumbe wenu ni huo hasa, jaribuni.

“Kuligawa faili mara mbili ni kazi ya bure.” Majedwali yakae kwenye folda ya pamoja, fomu na ripoti kila mtu awe na nakala yake kwenye mashine yake. Mkinilipa kazi moja tu, nilipeni hii. Watu wote kufungua faili moja la fomu mtandaoni ni kulitafutia ajali. Na kama ofisi haiwezi kuachana na Wi-Fi, hamishieni majedwali kwenye SQL Server Express, seva halisi ya hifadhidata ya Microsoft, ni ya bure, na fomu zenu za Access zitaendelea kutumika juu yake baada ya marekebisho kidogo.