Raketi ya kastomu haihesabiwi kwa nyota

Katika kumbi nyingi ambako mpira wa meza huchezwa, kuanzia Nakuru hadi Kakamega na Kisumu, raketi yoyote inayoonekana ghali siku hizi huitwa kastomu. Ikiwa na nyota tano kwenye jalada, ni kastomu. Ikiwa na mfuko wa zipu, ni kastomu. Ikiwa imeandikwa "kaboni" juu ya mpini, hapo hata ubishi hauruhusiwi. Matumizi hayo yana madhara, kwa sababu mwanafunzi asiye na pesa nyingi huamini kwamba raketi ya kastomu ni ya wenye uwezo, ilhali yeye ndiye anayeihitaji zaidi.

Raketi ya kastomu ni ile ambayo ubao, yaani kipande cha mbao chenye mpini, na raba zake mbili, yaani ngozi za mpira zinazobandikwa kila upande wa ubao, vimechaguliwa na kununuliwa kila kimoja peke yake, vikaunganishwa kwa gundi, na vinaweza kutenganishwa tena pale kimoja kinapochakaa. Bei haimo katika maana hiyo, wala kaboni haimo.

Nyota ndizo zinazopotosha zaidi. Kwenye mpira wenyewe nyota zina uzito, kwa kuwa mipira ya mashindano, yenye kipenyo cha milimita 40, kwa kawaida ni ile ya nyota tatu iliyoidhinishwa na shirikisho la kimataifa, ITTF. Mtu aliyezoea jambo hilo hudhani kwamba nyota za raketi nazo zimetolewa na mamlaka fulani. Sivyo. Kila kiwanda hujipangia nyota zake, na nyota nne za kiwanda kimoja haziwezi kulinganishwa na nyota nne za kingine, kwa sababu hakuna kipimo cha pamoja. Kitu ambacho mwamuzi hutazama ni raba: iwe katika orodha ya zilizoidhinishwa, alama ya ITTF isomeke, upande mmoja uwe mweusi na wa pili uwe wa rangi ya kung'aa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyekundu pekee, hadi mwaka 2021 rangi nyingine chache ziliporuhusiwa. Raba nyingi za raketi za bei nafuu zinazouzwa tayari hazina alama hiyo hata kidogo, nyota zake ziwe ngapi.

Neno kaboni nalo limebebeshwa mzigo usio wake. Sheria inaruhusu raketi iwe ya ukubwa, umbo na uzito wowote, mradi ubao uwe bapa na mgumu, na angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mbao za asili. Tabaka la nyuzi kama za kaboni haliruhusiwi kuzidi asilimia 7.5 ya unene wa ubao au milimita 0.35, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa hiyo hata ubao wa kaboni wa bingwa wa dunia ni mbao, na kaboni iliyomo ni nyembamba sana. Huongeza kasi, nayo kasi ndiyo kitu cha mwisho ambacho anayejifunza anapaswa kukinunua.

Nafuu ya kastomu iko katika kule kutengana. Ubao ukitunzwa hudumu miaka mingi, lakini raba hufa: vumbi na jua huondoa mshiko wake, na mpira huanza kuteleza badala ya kuzunguka. Mwenye jembe hanunui jembe jipya kwa kuwa mpini umevunjika. Mwenye raketi ya kiwandani, inayouzwa ikiwa tayari imeunganishwa, hulazimika kufanya hivyo hasa, kwa sababu mara nyingi raba zake zimegundishwa zisitoke, na akizivuta kwa nguvu hung'oka na vipande vya mbao. Ndiyo maana raketi ya kastomu inayoonekana ghali siku ya kwanza huweza kuwa rahisi kuliko raketi ya dukani inayonunuliwa upya kila raba zinapokwisha.

Kwa anayeanza, ubao wa tabaka tano za mbao tupu, wenye gramu 80 hadi 90, unatosha kabisa. Raba za Kichina kama 729 au DHS huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya raba ghali kama Butterfly Tenergy, na raba ya Yasaka Mark V, inayouzwa tangu mwaka 1969, bado ni chaguo la busara. Sponji, yaani tabaka laini lililo chini ya raba, iwe ya milimita 1.8 au 2.0; iliyo nene zaidi huongeza kasi na kupunguza udhibiti. Kama pesa hazitoshi kwa vyote, ubao upewe kipaumbele, kwani raba huuzwa mojamoja na zinaweza kuboreshwa baadaye.

Gundi inahitaji tahadhari. Ile solushoni ya kuzibia tyubu za baiskeli, ambayo fundi yeyote wa barabarani Kisumu anayo, ina historia katika mchezo huu: katika miaka ya 1970 wachezaji wa Ulaya waligundua kwamba huvimbisha sponji na kuongeza kasi, na wengi wakaitumia. Mvuke wake ni hatari kwa afya, na mwaka 2008 ITTF ilipiga marufuku gundi zenye viyeyushi vinavyofuka. Itumike gundi ya maji iliyotengenezwa kwa raketi, ipakwe nyembamba pande zote mbili, iachwe ikauke hadi iwe angavu, ndipo raba ibandikwe.

Mwenye raketi ya nyota tano hajafanya kosa kuinunua, na huenda inamtosha kwa michezo ya jioni. Anapoiita kastomu, aulizwe kwa upole raba yake ni aina gani na sponji yake ni ya milimita ngapi. Kama hajui, aelezwe kwamba aliyo nayo ni raketi ya kiwandani, na kwamba itakapochakaa anaweza kuanza na ubao mmoja wa mbao tupu.