Lubumbashi saa nne, Kinshasa saa tatu: panga siku yako kuanzia mashariki

Biro nyingi za Lubumbashi zinafanya kazi na watu wasiofuata saa yetu. Makao makuu yako Kinshasa, kontena liko bandarini Dar es Salaam, muuza vipuri yuko Guangzhou. Asiyezingatia saa za watu hao atahangaika kutwa nzima, na jibu alilolihitaji leo litamfikia kesho. Si mvivu. Kazi zake amezipanga kinyumenyume.

Nchi yetu, Kongo, ina majira mawili ya saa. Kinshasa, Matadi na Mbandaka zinafuata UTC+1, yaani saa ya dunia (UTC) ukijumlisha saa moja. Lubumbashi, Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga, Kisangani, Bukavu na Goma zinafuata UTC+2. Zambia na Afrika Kusini ziko sawa na sisi, kwa hiyo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haina hesabu ya kufanya. Tanzania imetutangulia kwa saa moja, China kwa saa sita.

Kanuni ninayoishauri ni moja: anza kazi na kule ambako jua limetangulia, malizia na kule linakochelewa. Ikifika 8:00 Lubumbashi, Guangzhou ni 14:00, watu wametoka kula na wamebakiza saa chache za kazi. Maswali ya bei, picha za bidhaa na uthibitisho wa malipo yatoke kwako kati ya 8:00 na 9:30. Ukiandika saa sita ya mchana, kwao ni 18:00, wanafunga. Swali dogo tu la kipimo cha beringi linakula siku nzima kwa namna hiyo. Baada ya China, geukia Dar es Salaam. Huko wameingia kazini tangu 7:00 yetu, na hati ya mzigo iliyotumwa 15:30 kutoka Lubumbashi inawakuta 16:30 wakijiandaa kwenda nyumbani. Mimi ningeweka 14:00 kuwa mwisho wa kutuma chochote kinachohitaji kujibiwa siku hiyohiyo.

Kinshasa ndiyo ya mwisho. Wakifungua 8:00 yao, sisi ni 9:00, na wakifunga 16:00 sisi ni 17:00. Faida yake watu wengi hawaioni: kabla ya 9:00 hakuna mkubwa wa Kinshasa atakayekupigia. Ukiingia 7:30 unayo saa moja na nusu tulivu. Ukishatuma ujumbe wako wa China, usiitumie nafasi hiyo kusafisha sanduku la barua pepe. Fanya kazi inayotaka kichwa: mahesabu, ripoti, mkataba wa kusoma mstari kwa mstari. Simu za Kinshasa zipange mchana, kati ya 14:00 na 16:00, wakati China imekwisha kufunga na Dar es Salaam inakaribia kufunga.

Sasa kosa linaloharibu mpango huu wote. Kompyuta inawashwa mara ya kwanza, inauliza majira ya saa, na mtu anachagua ya Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu. Saa inaonekana imechelewa kwa saa moja, naye anaisogeza mbele kwa mkono. Kwa macho imekaa sawa, lakini ndani kompyuta bado inajiona iko Kinshasa. Mwaliko wa mkutano wa 10:00 ya Kinshasa, ambayo ni 11:00 yetu, utamtokea kama 10:00, atafika saa nzima mapema na kungoja peke yake. Akituma yeye mwaliko wa 10:00, mwenzake wa Goma ataupokea kama 11:00. Zile tarakimu sita za kuingilia kwenye akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30, nazo zikitolewa na mashine hiyo zitakataliwa, maana zinahesabiwa kwa saa ya dunia, si kwa saa unayoiona kwenye kioo.

Dawa yake haichukui dakika mbili. Kwenye Windows usitafute jina la Lubumbashi, halimo: chagua mstari wa (UTC+02:00) Harare, Pretoria, kisha ruhusu saa ijirekebishe yenyewe kwa intaneti. Kwenye simu ya Android, ukichagua Kongo-Kinshasa kuwa nchi, utapata miji miwili, chagua Lubumbashi. Na kama kompyuta ya mezani inarudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila umeme unapokatika, hata tovuti zinakataa kufunguka, kagua betri ndogo ya duara kwenye ubao wake. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, na imekwisha.

Kuna tatizo lingine, la ulimi. Mswahili akisema saa tatu ya asubuhi ni 9:00. Mtu wa Kinshasa anayetafsiri « trois heures » neno kwa neno naye atasema saa tatu, akimaanisha 15:00. Wa Dar es Salaam akisema saa tatu yuko sahihi kwa Kiswahili, ila saa tatu yake ni saa mbili yetu. Ndiyo maana miadi nashauri iandikwe hivi, hata kama mmekwisha kukubaliana kwa simu:

Jumanne, 14:00 Lubumbashi = 13:00 Kinshasa = 15:00 Dar es Salaam.

Mstari mmoja, tarakimu za saa 24, jina la mji kando ya kila saa. Usiandike « saa yetu » wala « saa yenu », kwa sababu ujumbe ukitumwa kwa mtu wa tatu hatajua « yetu » ni ya nani. Tiketi za ndege nazo zinaandika saa ya kila mji: ikitoka Lubumbashi 10:00 na kutua Kinshasa 11:20, imekaa angani saa mbili na dakika ishirini.

Wenye wenzao Ubelgiji wana hesabu moja zaidi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, Bruxelles iko sawa na Lubumbashi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba inabaki nyuma kwa saa moja. Mkutano wa kila wiki uliowekwa 15:00 ya kwao utakuwa 15:00 kwetu mpaka Oktoba, kisha utahamia 16:00. Usiipe kazi nyingine 16:00 ya siku hiyo, hata kama mwezi wa Juni inaonekana haina kitu.