Meli Ikifunga Gati, Siku Yako Mjini Ina Saa Ngapi?

Ratiba ya safari ya meli ya utalii ikiandika "Roma, saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni", mambo mawili hapo hayasimami. Meli haitafika Roma. Itafunga gati Civitavecchia, bandari iliyo yapata kilomita 70 kutoka jijini. Na wewe hutapata saa 12.

Mimi ni wakala wa meli. Asubuhi meli inapofunga kamba niko gatini na makaratasi yake, na jioni inapoziachia nabaki nchi kavu, mara nyingine pamoja na abiria aliyechelewa. Kwa hiyo nawaona wote: wanaopanda mabasi ya ziara zilizouzwa melini, na wanaotoka langoni kwa miguu na ramani kwenye simu. Hawa wa pili nawaunga mkono. Huona mji kwa mwendo wao, hawasubiri watu 40 waende chooni, na wakipenda mahali hukaa. Ila wale ambao siku yao huenda vizuri huipanga kuanzia mwisho, wakirudi nyuma hadi mwanzo.

Tuichukue hiyo siku ya Roma. Saa 1 jioni ni saa ya kung'oa nanga. Abiria wote hutakiwa wawe ndani nusu saa kabla, na kampuni nyingine hutaka saa nzima. Weka saa moja nyingine ya akiba yako mwenyewe, kwa ajili ya treni iliyochelewa au msongamano wa barabara. Tayari umefika saa 11 na nusu jioni.

Sasa njoo upande wa asubuhi. Saa iliyoandikwa ni ya meli kufika, na kati ya kufika na kushuka kuna kazi ambayo abiria haioni. Katika bendera za ishara za baharini, ile ya njano, yaani herufi Q, husema kwamba chombo kina afya na kinaomba ruhusa ya kuingia. Siku hizi sehemu kubwa ya maombi hayo hutumwa kwa kompyuta kabla meli haijaonekana, lakini kanuni haijabadilika: mpaka watu wa afya, uhamiaji na forodha waridhike, hakuna anayekanyaga gati. Bandari nyingi humaliza kwa dakika chache. Kwingine maofisa hutaka kumwona kila mtu na pasipoti yake, na hapo saa nzima huyeyuka. Kisha wenye ziara za meli hutangulizwa. Tuseme unashuka saa 2.

Umebakiwa na saa 9 na nusu. Toa basi la kutoka gatini, kwa kuwa kutembea ndani ya bandari ya mizigo hakuruhusiwi, toa njia ya kwenda stesheni, toa kusubiri treni, toa na safari yenyewe: ni karibu saa 2 kwenda na karibu saa 2 kurudi. Zile saa 12 za kwenye karatasi zimekuwa 5 na nusu. Zinatosha kwa siku nzuri kabisa Roma, mradi uchague vitu viwili na usijaribu saba.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kama utembee mwenyewe au ununue ziara ya meli, na jibu hubadilika kwa kila bandari. Bergen, Norway, ukishukia gati la Skolten, unatembea dakika kama kumi hadi Bryggen, ile safu ya nyumba za mbao iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Valletta, Malta, meli husimama chini ya kuta za mji, na lifti yenye urefu wa mita 58 hukupandisha hadi bustani za Upper Barrakka. Lisbon, gati la Santa Apolónia liko miguuni mwa mtaa wa Alfama. Bandari za namna hii sioni sababu ya kulipia basi la meli. Ukichoka, meli iko pale.

Kuna za katikati: Piraeus, ambako treni ya mjini hukufikisha Athens, au Livorno kwa anayekwenda Pisa tu. Hizi nazo zinafaa kwenda mwenyewe, ukishajua treni inayofuata ni ya saa ngapi.

Halafu kuna zile ambazo jina la jiji ni tangazo la biashara. Le Havre huuzwa kama Paris, na Paris iko kilomita kama 200. Warnemünde, Ujerumani, huuzwa kama Berlin, nayo ni treni ya karibu saa 3 kwenda tu. Tangu Agosti 2021 Italia imezizuia meli kubwa, zile zinazozidi tani 25,000, kupita katikati ya Venice kwenye mfereji wa Giudecca. Baadhi ya safari zinazoitwa za Venice sasa huishia Ravenna, kilomita zaidi ya 140 kwa barabara. Mahali kama hapa msimamo wangu ni mkali kidogo. Ukilitaka jiji lile la mbali, nunua ziara ya meli, maana ziara yao ikichelewa meli husubiri, na isipoweza kusubiri kampuni hubeba jukumu la kukufikisha bandari inayofuata. Ukitaka kutembea mwenyewe, liache jiji uone mji uliopo. Le Havre yenyewe, iliyobomolewa vitani mwaka 1944 na kujengwa upya kwa zege chini ya msanifu Auguste Perret, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005, na ni nadra kumwona abiria akiikagua. Kutoka Warnemünde, Rostock ni kama dakika 20 kwa treni, na stesheni iko jirani kabisa na gati.

Bandari zisizo na gati la kutosha zina hesabu yake. Huko meli hutia nanga nje na abiria hupelekwa ufukoni kwa mashua. Santorini ndiyo mfano unaojulikana zaidi: mashua hukushusha chini ya jabali, na mji wa Fira uko juu. Kupanda ni kwa gari la kamba, au kwa ngazi karibu 600, ambazo wengine huzipanda kwa punda. Asubuhi foleni ni ndefu; jioni ni mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu anashuka kwa wakati mmoja. Hapa saa unayopaswa kuikariri ni ya mashua ya mwisho. Na bahari ikichafuka, nahodha anaweza kufuta kituo chote hata kama mmeshakiona kwa macho, kwa hiyo usilipie kitu kisichorudishiwa pesa.

Jambo linalowaangusha hata wasafiri wazoefu ni saa yenyewe. Meli ina saa zake, nazo si lazima zilingane na za mji. Mfano mzuri ni kisiwa cha Cozumel. Jimbo lake, Quintana Roo la Mexico, lilihama ukanda wa saa mwaka 2015 na halisogezi saa mbele wakati wa kiangazi. Florida husogeza. Basi meli iliyotoka Florida Julai ikibaki na saa za kwao, simu yako ikidaka mtandao wa Mexico itakuonyesha saa 9 alasiri wakati melini ni saa 10. Umeridhika, unaagiza kinywaji kingine, na watu wanaanza kuhesabiwa. Kabla ya kushuka, linganisha saa ya ukutani melini na simu yako, na kwa siku hiyo vaa saa ya mkono ya kawaida, isiyojibadilisha yenyewe.

Watu huniuliza kwa nini meli yenye abiria 3,000 isisubiri watu wawili kwa robo saa. Kila kuondoka kumekodiwa vipande vipande: rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kutoka, ameagizwa kwa saa fulani, boti za kuvuta meli vilevile, na gati huenda linasubiriwa na chombo kingine. Penye maji ya kupwa na kujaa, muda unaofaa kutoka una mwisho. Halafu kuna mafuta. Nguvu ya injini inayohitajika hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo ukiichelewesha meli ikalazimika kwenda maili 20 za baharini kwa saa badala ya 18, injini zitatoa nguvu zaidi kwa theluthi moja na ushee, usiku kucha. Nahodha anayesubiri dakika kumi hufanya hivyo kwa hisani, akishapiga hesabu.

Ukiwa mjini, nenda mbali kwanza. Shuka, usisimame kwenye kivutio cha kwanza, panda usafiri hadi sehemu ya mbali kabisa uliyoichagua, kisha rudi kwa miguu ukiisogelea meli. Kila saa inayopita hatari inapungua, na lolote likiharibika mchana tayari uko karibu. Faida ya pili ni umati. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600, na siku nyingine meli tatu au nne huwa bandarini pamoja. Wote hao hufurika kwenye mtaa wa kwanza saa 3 asubuhi. Mji wa Juneau, Alaska, uliamua kuanzia 2024 kutopokea zaidi ya meli kubwa tano kwa siku, na kwa mji ule tano ni nyingi mno. Ratiba za bandari nyingi huwekwa wazi mtandaoni. Itazame ujue siku yako ina meli ngapi.

Tazama pia ni siku gani ya wiki, kwa kuwa meli hazichagui. Makumbusho ya Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Uffizi ya Florence hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Nimewaona watu waliokata tiketi ya meli mwaka mzima kabla wakikuta mlango umefungwa.

Viza isikupite. Kwa miaka mingi abiria wa meli waliruhusiwa kukaa St. Petersburg hadi saa 72 bila viza, lakini kwa walio na ziara ya kampuni iliyoidhinishwa tu. Aliyetaka kutembea peke yake alihitaji viza kamili. Sharti kama hilo linaweza kukukuta kwingine, na maofisa wa bandari hawajadiliani. Na kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, angalia ratiba nzima: meli ikitoka Ugiriki, ikapita Uturuki na kurudi Ugiriki, umeingia Schengen mara mbili, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Vya kubeba havizidi mfuko mdogo. Kadi ya chumba, kwa sababu ndiyo inayoskaniwa ngazini na ndiyo inayowaambia walinzi nani bado yuko nje. Pasipoti, au nakala yake kama melini wamezishika. Kadi ya benki na pesa taslimu kidogo. Ramani iliyopakuliwa kabla, maana mtandao wa setilaiti wa meli hutoza kwa namna ya kushangaza. Iache simu kwenye hali ya ndege mpaka ushuke. Dawa zako za siku mbili au tatu. Na jina la gati lenyewe, limeandikwa kwa lugha ya wenyeji. Singapore ina vituo viwili vya meli za abiria, Marina Bay na HarbourFront, vilivyoachana kilomita kadhaa. Dereva akiambiwa "bandarini" atachagua kimoja. Mahali unapopelekwa na basi la bure, uliza pia la mwisho linaondoka saa ngapi, kwani huwa mapema kuliko unavyodhani.

Ukiachwa, usikimbie kutafuta boti ya kuifukuza meli. Njoo kwa wakala. Jina na simu yake huchapwa kwenye karatasi ya kila siku ya meli, ile inayowekwa chumbani usiku. Ipige picha kabla ya kushuka. Walinzi wakiona kadi yako haijarudi, kampuni nyingi hufungua sefu ya chumba, hutoa pasipoti na kumkabidhi wakala. Tiketi, hoteli na viza ya nchi inayofuata ni juu yako, na mizigo yako inaendelea na safari. Machi 2024 abiria wanane waliokuwa kwenye ziara ya binafsi waliachwa São Tomé. Walivuka nchi kadhaa kuifuata meli, wakafika Gambia, meli ikashindwa kuingia, wakaendelea kwa barabara hadi Senegal na kuipandia Dakar. Kwa hiyo wakala akikushauri uruke bandari inayofuata na kuisubiri meli kwenye ile ya pili, msikilize: anaangalia ndege zilizopo, viza unayoweza kupata, na uhakika wa meli kufunga gati huko.