Je, wajua? Giaboksi ya Prius haibadilishi gia hata moja

Kutoka Bahi kuelekea Manyoni, barabara inapokwea ukingo wa Bonde la Ufa, Toyota Prius au Aqua, magari ya haibridi (yenye injini ya mafuta na mota ya umeme), hunguruma kwa sauti moja ya juu mpaka kileleni. Aliyezoea gari la otomatiki hukaa akisubiri gia iingie, na haiingii. Gereji nyingi zitakueleza kuwa hiyo ni CVT ya mkanda, yaani giaboksi isiyo na hatua za gia, inayopitisha nguvu kwa mkanda, na mkanda umeanza kuteleza.

Hakuna mkanda humo. Hakuna klachi ya kubadilisha gia wala gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Meno yaliyomo yameshikana muda wote. Toyota yenyewe huuita mfumo huu CVT ya umeme, na hapo ndipo wengi wanapopotea, hasa kwa kuwa haibridi hazifanani. Honda Fit Hybrid ya 2010 kweli ina CVT ya mkanda. Fit Hybrid ya kizazi kilichoanza Septemba 2013 ina giaboksi ya klachi mbili. Nissan Note e-Power ndiyo iko mbali zaidi: injini yake inazalisha umeme tu, haisukumi magurudumu kabisa. Kwa hiyo fundi aliyefungua Fit ya zamani akakuta mkanda anasema kweli, ila alichokiona hakihusu Prius. Na kosa hili lina gharama, kwa sababu oili ya CVT ya mkanda si oili ya Prius. Prius nyingi, pamoja na Aqua, hutumia oili ya Toyota iitwayo ATF WS. Angalia kitabu cha gari kabla hujamwaga ya zamani.

Kilichomo ndani ni ndugu wa difu, zile gia zinazogawa msukumo kati ya tairi la kushoto na la kulia. Fuso ikizama kwenye tope jeusi la mbuga masika, tairi moja huzunguka bure na lenzake linasimama tuli. Injini ina nguvu tele, lakini difu haiwezi kuupa upande mmoja msukumo ikiwa upande wa pili hauna kinachouzuia. Weka mawe chini ya tairi linalozunguka, lipate kushika, na la pili nalo litasukuma.

Kwenye Prius, injini inaingilia katikati. Upande mmoja ni magurudumu, upande wa pili ni mota ya umeme. Mota hiyo ikiachwa huru, ni lile tairi la kwenye tope: injini italia na gari halitasogea. Ikianza kuzalisha umeme inakuwa nzito kuzungusha, na uzito huo ndio mawe yetu. Magurudumu yanapata msukumo.

Gia ya kitovuni, ya mota, ina meno 30; ya nje inayoizunguka, ya magurudumu, ina meno 78; injini huingilia kwenye gia ndogo zilizo kati yao. Hivyo takriban asilimia 28 ya msukumo wa injini huenda kwenye mota na 72 kwenye magurudumu, siku zote. Kinachobadilika ni kasi. Gari likiwa limesimama na injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, mota huzunguka mara 3,600. Gari likishika mwendo, mota hupunguza kasi na injini inaweza kubaki palepale. Umeme uliozalishwa hupitia kwenye nyaya kwenda mota ya pili, iliyofungwa upande wa magurudumu, ukaongeze msukumo.

Ndiyo maana mlimani sauti haipandi wala kushuka. Kompyuta imechagua mzunguko unaotoa nguvu inayotakiwa, na mlima haujabadilika. (Mlio wa chuma kusagana ni habari nyingine, huo upeleke kwa fundi.)

Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, na kanuni hii ya kugawa nguvu imedumu tangu hapo. Inaeleza pia onyo ambalo madereva wengi hulipuuza: usikae muda mrefu kwenye N (gia huru). Mota ya kwanza ikijaribu kuzalisha umeme, magurudumu yatasukumwa, kwa hiyo kwenye N huzimwa na betri haichajiwi. Ukimsubiri mtu nje ya Soko la Majengo kiyoyozi kikiwaka, kiyoyozi hicho kinakula betri tu. Weka P (ya kuegesha). Hapo magurudumu yamefungwa, mota inapata pa kushikia, na injini ikiwaka inachaji.