Ufadhili wa safari haununui stempu

Vijana kadhaa wa Kisumu na Maseno huniletea maombi yao niyapitie kabla hawajayatuma. Wanaomba ufadhili wa safari ya utafiti wa stempu na historia ya posta, zile fedha ambazo familia au chama huweka kwa kumbukumbu ya mtafiti aliyefariki. Kwa kawaida si fedha nyingi: nauli, malazi, basi. Mengi ya maombi hayo huanza kwa kusifu albamu ya mwombaji, na hapo huwa nachukua kalamu nyekundu. Kamati inayotoa fedha inatafuta swali linaloweza kujibiwa kwa siku chache mbele ya mafaili.

Swali kama hilo tunalo hapahapa. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Wakati huo Kisumu ilikuwa katika mkoa wa mashariki wa Uganda, Nakuru vilevile. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, yaani Kenya ya leo. Basi barua iliyotumwa kutoka hapa Februari 1902 ni ya posta ya Uganda, na ya Mei ni ya posta nyingine, ingawa mtumaji hakuhama hata hatua moja. Je, stempu za Uganda zilizobaki kwenye droo ya karani zilirudishwa, zilichomwa, au ziliuzwa mpaka zikaisha?

Stempu ya wakati huo yenye picha ya Malkia Victoria, iliyolowekwa na kubanduliwa, haina la kusema kuhusu hilo. Ikiwa ingali kwenye bahasha yake, soma kwanza muhuri uliopigwa juu yake: mahali, siku, mwezi. Kisha geuza bahasha utafute mihuri ya njiani na ya kufika. Tarehe ya nyuma ikitangulia ya mbele, kuna mtu alichezea muhuri, au karani alisahau kubadilisha tarehe. Mimi humshuku muuzaji kwanza.

Bahasha hukuambia kilichotokea. Sababu imo kwenye barua za maofisa. Hapa ndipo maombi mengi huanguka. Mtu anaandika kwamba atakwenda Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kusoma mafaili ya Wizara ya Makoloni ya 1902. Hadi 1905 maeneo haya yalikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, kwa hiyo karatasi za kipindi hicho ziko kwenye mafungu ya wizara hiyo. Mjumbe anayeijua kazi huliona kosa hilo mara moja, na anajua utapoteza siku ya kwanza ukiagiza mafaili yasiyo yako. Taja fungu unalotaka, na vipindi vyake. Kew wanaruhusu penseli tu, lakini kupiga picha kwa simu yako ni bure, hivyo panga siku za kupiga picha na uache usomaji wa utulivu hadi urudi nyumbani.

Taja pia maktaba ya Royal Philatelic Society London, chama cha wapenzi wa stempu kilichoanzishwa 1869, na Postal Museum, makumbusho ya posta ya London, ukisema unafuata nini katika kila moja. Lakini anza na Nairobi na Kampala. Ukiomba tikiti ya ndege kabla hujaingia kwenye nyaraka za taifa pale Moi Avenue, utaulizwa kwa nini. Nauli ya matatu ya kwenda huko pia iweke kwenye bajeti.