Kazi ya Mate Haiishii Kwenye Kulainisha Tonge

Wagonjwa wengi ninaowatibu kinywa huyaona mate kuwa maji ya kulainishia chakula, na hawayafikirii mpaka siku yanapokauka. Mgonjwa wa namna hiyo huniambia kwamba ugali haupiti bila kushushiwa maji na kwamba chakula kimepoteza ladha, kwa sababu ulimi hauonji kitu ambacho hakijayeyuka.

Mate hutoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa, yaani zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, zikisaidiwa na mamia ya tezi ndogo. Kwa pamoja hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Tezi za mbele ya masikio hutoa mate mepesi yenye kingi cha kimeng'enya, yaani kitu kinachovunjavunja chakula, na mrija wa kila moja hufunguka ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Zile za chini ya ulimi hutoa mate mazito, yenye ute unaolifanya tonge liteleze.

Kimeng'enya chenyewe huitwa amilesi. Mwaka 1831 Mjerumani Erhard Friedrich Leuchs alieleza kwamba mate hugeuza wanga kuwa sukari, na jambo hilo unaweza kulithibitisha jikoni: tia uji mwepesi wa muhogo, uliopoa ukabaki vuguvugu, katika vikombe viwili, changanya mate katika kimoja, subiri robo saa, kisha dondoshea iodini kote kuwili. Uji usio na mate utageuka buluu iliyokoza kuelekea weusi, rangi ambayo wanga hupata ukikutana na iodini, ilhali ule wenye mate utabadilika kidogo tu au usibadilike kabisa. Ni muhimu uji uwe umepikwa, kwa maana chembe za wanga mbichi ni ngumu, na amilesi huzimega polepole mno.

Hufundishwa kwamba tindikali ya tumbo huizima amilesi mara moja. Naona maelezo hayo yanaipunja, kwa sababu katikati ya tonge, mahali ambapo tindikali haijapenya, amilesi huendelea kukata minyororo ya wanga kwa muda baada ya kumeza. Baadaye, katika utumbo mwembamba, amilesi ya kongosho huipokea kazi hiyo.

Kiasi cha kimeng'enya hiki hutofautiana kati ya mtu na mtu, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba jamii zinazokula wanga mwingi zina, kwa wastani, nakala nyingi zaidi za jeni ya AMY1, inayotengeneza amilesi ya mate. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, wachimbaji hodari wa mizizi ya porini, pamoja na Wadatoga, wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, ambao chakula chao cha asili ni maziwa na nyama. Wahadzabe waliwekwa katika kundi la wala wanga mwingi, Wadatoga katika kundi la wala wanga kidogo.