Presha ya jicho ikipanda ghafla: tunavyotuliza maumivu wodini

Mimi ni muuguzi wa macho hapa Moshi. Wagonjwa wengi wa presha ya macho, yaani glakoma, hawaumwi popote. Presha yao hupanda taratibu, nao hushtuka uoni ukiwa umeshapungua. Leo nawazungumzia wale wachache wanaoletwa wameshika kichwa, wanatapika, jicho jekundu, wakitazama taa wanaona duara za rangi.

Baadhi yao huwa wameshapimwa malaria au kuambiwa ni kipandauso, kwa kuwa matapishi humfanya mhudumu asahau jicho. Muuguzi mwenzangu wa mapokezi, nakusihi umulike macho kwa tochi. Ukikuta mboni imetanuka na haisinyai, na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ina ukungu, mwite daktari papo hapo.

Maji ya ndani ya jicho hutoka nje kupitia pembe kati ya konea na airisi, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Pembe ikiziba ghafla, presha ambayo kwa kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki huweza kupita 40, hata 60. Ndiyo maana parasetamoli peke yake haifui dafu: kinachoondoa maumivu haya ni kushusha presha. Daktari huagiza asetazolamidi, matone ya timololi, wakati mwingine dripu ya manitoli. Kabla ya timololi namuuliza mgonjwa kama ana pumu na nampima mapigo ya moyo. Kabla ya asetazolamidi nauliza mzio wa salfa na selimundu. Matone ya pilokapini, yanayosinyaza mboni, husubiri presha ianze kushuka, maana ikiwa juu sana msuli wa airisi hukosa damu na hauitikii dawa.

Hata hivyo, mgonjwa asiachwe akiugulia huku tunasubiri. Nampa dawa ya maumivu na ya kichefuchefu zilizoagizwa, namlaza chali, kisha baada ya nusu saa namuuliza: "Bibi, kutoka sifuri hadi kumi, sasa ni ngapi?" Wazee wetu wengi watajibu "Afadhali, mwanangu" ili wasinisumbue, huku wamekunja uso. Mimi naandika ninachokiona pia.

Jambo linalonikera zaidi ni giza. Ndugu, kwa huruma, huzima taa na kumfunika mgonjwa kanga usoni kwa sababu mwanga unamuumiza. Gizani mboni hutanuka, airisi hujikunja penye pembe, na njia ya maji huzidi kubanwa. Naacha taa ikiwaka, namgeuza asitazamane na dirisha, na nawaeleza ndugu kwa upole kwa nini. Jicho silifungi bandeji.

Maumivu yakiisha, wengi huomba ruhusa waende nyumbani. Nawasihi wasiondoke kabla ya kutobolewa tundu dogo kwenye airisi kwa leza ili maji yapate njia, na jicho la pili nalo lishughulikiwe, kwa kuwa mara nyingi pembe yake ni nyembamba vilevile.